Kitengela: Vioo vikuukuu vyapata uhai

Je, umewahi kujiuliza kioo kilichovunjika huenda wapi? Siku ukipata nafasi, shika Barabara ya Magadi, upite Ongata Rongai, kisha uvuke kwa miguu daraja linaloning'inia juu ya bonde la Mto Mbagathi. Litakutetemesha magoti, lakini usirudi nyuma.

Ng'ambo, kwenye nyika inayopakana na Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, ndiko msanii Nani Croze, mzaliwa wa Ujerumani, alikoweka makao mwaka 1979 na kuanzisha Kitengela Glass. Huko vioo vya rangi hukatwa na kuunganishwa kwa risasi. Vipande vinene hushikizwa kwa saruji. Baadaye mwanawe, Anselm Croze, alianzisha tanuri la kuyeyusha vioo vikuukuu na kuvipuliza viwe bilauri.

Lakini urithi wa karakana si madirisha pekee, ni mikono ya mafundi. Dirisha likivunjika litatengenezwa; fundi akizeeka bila mwanafunzi, ni nani atakayelitengeneza? Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari.

Basi ukienda, usinunue bilauri tu. Mchukue mwanao, amwulize fundi jinsi kioo kinavyokatwa.