Daftari na Majivu

Kila mtu ana uraibu wake wa saa za faragha. Mmoja hutunza bustani, mwingine hucheza bao, wa tatu huvua samaki asiokusudia kuwauza. Uraibu wangu ni kuwatafuta wafu. Tangu nilipokuwa na umri wa miaka kumi mpaka leo, nikiwa nimepita arobaini na kazi yangu ikiwa kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu, nimefuata nyayo za watu wa nasaba yangu: kwa baba katika vijiji vya Hessen, Ujerumani, kwa mama katika wilaya ya Clare, magharibi ya Ayalandi, kwa watu wa lugha na asili ya Kikelti. Ni kazi isiyo na mshahara wala mwisho. Walakini imenifunza jambo ambalo masomo ya udaktari hayakunifunza, nalo ndilo nitakalo kulieleza.

Nilizaliwa katika milima ya Usambara, ambako wazazi wangu walikuwa walimu. Huko mtoto akimwamkia mzee hupokewa kwa swali. "Marahaba, mjukuu wangu. Ninyi ni wa ukoo gani?" aliniuliza jirani yetu mmoja. Nilimtajia jina la baba, nikamtajia na la babu, kisha maneno yakaniishia. Mzee hakucheka. Alinihesabia wazee wake mpaka vidole vya mkono mmoja vikaisha, akasema, "Nenda kamwulize mama yako, urudi uniambie." Hakuwa mdadisi, alitaka kujua aniweke wapi miongoni mwa watu. Uraibu wangu ulianzia hapo.

Kiswahili ni tajiri wa majina ya kushuka: mwana huzaa mjukuu, mjukuu huzaa kitukuu, kitukuu huzaa kilembwe. Lakini kwa kupanda maneno hutupungukia upesi. Baada ya babu na bibi twasema wahenga, tukawatia wote katika kapu moja. Mtafuta nasaba hana budi kuwatoa mmoja mmoja. Hesabu yake ni ya kushangaza. Wazazi ni 2, juu yao 4, kisha 8, kisha 16. Kizazi cha 10 kina nafasi 1,024, na kwa miaka thelathini kila kizazi, hapo tumerudi nyuma miaka mia tatu tu. Tena nafasi hizo hazijazwi na watu 1,024 mbalimbali, maana katika vijiji vidogo jamaa walioana, na mtu mmoja hutokea mahali pawili au patatu katika mti mmoja. Ajivunaye kuwa na damu ya namna moja hajahesabu.

Upande wa baba una daftari. Katika nchi za Wajerumani makanisa yalianza kuandika ubatizo, ndoa na maziko tangu karne ya 16. Vita vya Miaka Thelathini, vya 1618 mpaka 1648, viliteketeza vitabu vingi, na katika parokia nyingi habari huanza baada ya vita hivyo. Uandikishaji wa serikali ulienea katika Dola nzima mwaka 1876. Mali bila daftari hupotea bila habari, husema wenye maduka. Na watu ni vivyo hivyo. Lakini daftari hizo hazisomeki kwa pupa. Ziliandikwa kwa hati ya kale iitwayo Kurrent, ambayo herufi yake ya e hufanana na n, na jina moja laweza kumshughulisha msomaji jioni nzima. Humo nimekutana na wafumaji na waseremala, na mama mmoja aliyezaa watoto tisa akazika sita, maisha yake yote yakiwa mistari kumi na sita ya wino.

Vizazi vitano vya kwanza havikunipa taabu, kwa kuwa kazi ilikwisha kufanywa. Katika sanduku la babu mzaa baba, aliyekuwa mwalimu wa shule, palikuwa na kijitabu kiitwacho Ahnenpass, yaani pasi ya wahenga. Majina yalikuwamo, na tarehe, na parokia, na kando ya kila jina muhuri. Kwa mtafuta nasaba hiyo ni hazina. Lakini ni hazina ya namna gani? Sheria ya tarehe 7 Aprili 1933 iliamuru watu walioitwa si Waaria waondolewe katika utumishi wa serikali, na babu au bibi mmoja wa Kiyahudi alitosha kumtia mtu katika hesabu hiyo. Mwaka 1935 zikafuata sheria za Nürnberg. Ndipo wachungaji na makarani wakaandamwa na watu waliotaka nakala za vitabu vya ubatizo. Kitabu kilichoandikwa ili mtoto akaribishwe kiligeuzwa ungo wa kupepeta watu. Muhuri uliomwacha babu yangu darasani ni muhuri ule ule ambao wengine, kwa kuukosa, walifukuzwa kazini. Na wengi katika hao walifukuzwa baadaye katika uhai wenyewe.

Sehemu kubwa ya niyajuayo juu ya wazee wa baba yangu imetoka katika kijitabu hicho. Siwezi kuyasahau, wala sipendi kuyatumia kana kwamba yalianguka kutoka mbinguni. Kwa hiyo, katika mti niliouandika, kando ya kila jina lililotoka humo nimetaja lilikotoka na sababu ya kuandikwa kwake.

Upande wa mama una majivu. Mwaka 1841 Ayalandi ilikuwa na watu milioni 8.2, mwaka 1851, baada ya viazi kuoza shambani na njaa kuu kupita, walibaki milioni 6.6. Wengine walikuwa chini ya udongo, wengine ng'ambo ya bahari. Sensa za miaka hiyo ziliwekwa Dublin katika nyumba ya nyaraka karibu na mahakama za Four Courts. Tarehe 30 Juni 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba hiyo ililipuka ikaungua, na vipande vya karatasi vikapeperuka juu ya mji. Vitabu vya parokia za Kikatoliki vilisalimika kwa kuwa havikupelekwa huko. Sensa za 1901 na 1911 zilisalimika pia. Katika ile ya 1901 nimemwona bibi wa bibi yangu: mjane, hajui kusoma, lugha zake Kiayalandi na Kiingereza. Kabla yake sina mtu. Kwa baba nina jina la mtu aliyekufa mwaka 1691. Kwa mama, miaka hamsini kabla ya sensa ile, nina ukimya.

Lakini ukimya nao una masalio. Katika majina ya Kiayalandi, Mac ni mwana, Ó ni mjukuu au mzawa, na Ní hutangulia jina la binti. Mswahili azoeaye bin na binti hahitaji mkalimani hapo. Jina la mjane yule lilikuwa nasaba yake fupi, nalo halikuungua.

Tena pande zangu mbili hazikutengana kama nilivyofundishwa na ramani. Huko Glauberg, katika Hessen yenyewe, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua kaburi la mkuu wa Kikelti wa karne ya 5 kabla ya Kristo. Karne nyingi baadaye watawa wa Ayalandi waliandika maelezo ya lugha yao pembeni mwa nyaraka za Paulo, katika kitabu kilichohifadhiwa Würzburg. Johann Kaspar Zeuss, Mjerumani wa Bavaria, aliyasoma maandiko kama hayo, na mwaka 1853 akatoa sarufi ya lugha za Kikelti iliyoweka msingi wa elimu hiyo. Lugha ya mjane wa Clare ilipata heshima ya kitaaluma kwa jasho la mtu wa upande wa pili.

Basi, nasaba ni nini? Ni swali moja lenye nia mbili. "Wewe ni wa nani?" huulizwa na mwenye kutandika mkeka, na huulizwa pia na mwenye kushika ufunguo wa gereza, maneno hayabadiliki, nia hubadilika. Elimu ya asili si njema wala mbaya mpaka ijulikane nani anaiuliza na atamfanya nini mwenye kujibu. Wanafunzi wangu wakitaka kuandika koo zao, nawahimiza waanze kwa wazee walio hai, maana hao ndio daftari linaloungua kila siku. Nawaambia pia waache mahali patupu palipo patupu, wasipajaze kwa fahari. Katika mti wangu, juu ya jina la mjane, nimeacha nafasi nyeupe pana kama zile zilizojaa. Watu walikuwapo pale. Walilima, walipenda, waliona njaa. Nami ni deni lao sawasawa na la wale wenye mihuri.