Mtoto akianguka bila kuguswa

Siku ya posho tulikuwa kando ya kiwanja, wengine na watoto mgongoni, tukiangalia vijana wetu wakicheza. Jua lilikuwa kali. Kijana wetu mmoja akaanguka katikati. Mpira ulikuwa mbali, hakuna aliyemgusa. Watu wakacheka: "Anaigiza, huyo! Simama!" Mwamuzi akaacha mchezo uendelee mpaka mpira ulipotoka nje. Sisi tulikuwa tumeshaingia kiwanjani na vitenge vyetu, tukipiga kelele.

Tulimkasirikia sana. Baadaye tuliuliza watu wanaojua kanuni. Mchezaji aliyeumia kidogo, mchezo unaendelea mpaka mpira utoke. Aliyeumia vibaya, mwamuzi anapiga filimbi palepale, hata kama timu moja iko karibu kufunga, na baadaye mchezo unaanza tena kwa mpira wa kudondosha. Ni yeye anayeamua kama ni kidogo ao ni vibaya, naye si munganga.

Lakini anayeanguka peke yake ana alama yake. Marc-Vivien Foé wa Kameruni alianguka hivyo kule Lyon tarehe 26 Juni 2003, katika mechi na Kolombia, hakuna mtu karibu naye. Alikufa siku ileile, na miaka 28 tu. Tarehe 12 Juni 2021, kule Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark naye alianguka. Mwamuzi Anthony Taylor alisimamisha mchezo mara moja na kuita waganga. Walimkanda kifua, wakatumia mashine ya kushtua moyo. Yuko hai, na alirudi kucheza.

Kijana wetu, kwenye kituo cha afya walimkuta na malaria. Jioni mama yake akatuambia, akilia, kwamba usiku kucha alikuwa na homa, na asubuhi hakula kitu. Alimwomba mama asimwambie kocha, asije akatolewa katika timu. Mama akanyamaza. Na tuseme ukweli, wengi wetu tumeshanyamaza hivyo. Mwamuzi angejuaje?

Siku ya posho inayokuja, kabla ya filimbi, wawili wetu wataenda kwa makocha na mwamuzi kusema nani alilala na homa. Mama wa kijana amesema ataenda wa kwanza. Mtoto amemkasirikia, lakini atakaa kando, pamoja na sisi.