Sikio la Mnunuzi

Huenda ukastaajabu kwamba katika kurasa hizi, ambazo umezoea kusoma humo habari za sala, malezi na haki za jirani, leo mtu anakuletea maneno ya hedifoni, yaani zile spika za kuvaa masikioni. Nakuomba subira. Nina jambo langu la aibu nataka kukueleza, wala siwezi kulieleza bila ya kwanza kukujulisha chombo chenyewe, kwani aibu yangu imo ndani ya ujuzi wangu wa chombo hicho. Lau ningekuwa mjinga wake, nisingekuwa na la kuungama.

Mimi ni mtu wa Tanga, lakini riziki yangu kwa miaka mingi Mwenyezi Mungu ameiweka Arusha, katika kibanda cha kutengeneza redio na simu kisicho mbali na Soko Kuu, mahali ambapo adhana ya Bondeni hufika. Asubuhi mawingu yakipasuka tunauona Mlima Meru umetusimamia, na wateja wangu wengi hutoka huko chini yake, Tengeru, Usa River na Nkoaranga.

Hedifoni ni kitu cha zamani kuliko wanavyodhani vijana wetu. Mwaka 1910 bwana mmoja wa Utah, Marekani, jina lake Nathaniel Baldwin, alizitengeneza jikoni mwake akaliuzia jeshi la majini. Mwaka 1958 John Koss wa Milwaukee akatoa zake za kusikilizia muziki, na wengi wetu tulizifahamu baada ya mwaka 1979, Sony walipoleta kile kikaseti cha kutembea nacho. Za siku hizi utazipata sokoni kwa shilingi elfu chache. Lakini wako mafundi wadogo wadogo duniani ambao kazi yao ni kutengeneza hedifoni chache kwa watu wanaozitafuta hasa. Ukoo wa Grado wa Brooklyn uko katika kazi za sauti tangu mwaka 1953, na wale wa Audeze wa California walianza mwaka 2008, hata mwaka 2023 wakanunuliwa na Sony. Bei zake ni za kutisha. Mwaka 2015 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitangaza jozi moja pamoja na mashine yake kwa euro 50,000. Hiyo kwa maoni yangu ni israfu isiyongoja fatwa.

Utauliza, basi fedha hizo hununua nini? Katika hedifoni za kawaida kuna waya uliosokotwa kama pete, umegandishwa nyuma ya kifuniko chembamba, na sumaku huusukuma mbele na nyuma. Katika zile za Audeze kuna utando mwembamba sana uliochorwa njia za umeme juu yake, umewekwa mbele ya safu za sumaku, na utando wote husukumwa kwa pamoja. Sauti yake hutulia. Besi haivimbi, na herufi za msomaji hutoka kila moja mahali pake. Kwa mtu anayependa kusikiliza Kurani hiyo ni neema. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri ndiye aliyerekodi msahafu mzima kwa tartili, kisomo kilichoanza kutolewa mwaka 1961, na mimi nimekisikiliza tangu utotoni kwa redio yenye mkwaruzo. Kwa hedifoni njema unasikia hata pumzi yake anapositisha.

Lakini kupima vyombo hivi kuna mitego, na mtego mkubwa ni sisi wenyewe. Sauti iliyo juu kidogo tu huonekana nzuri kuliko iliyo chini, hata ikiwa ni chombo kile kile. Mfanyabiashara mjanja hulijua hilo, huiongeza kidogo ile anayotaka uinunue. Na bei nayo huingia sikioni: ukiambiwa hii ni ya milioni, utasikia milioni. Dawa yake ni kusawazisha sauti, kufumba macho, na kumwomba mtu mwingine akubadilishie bila ya kukwambia ipi ni ipi. Wengi wa wanaojiita wataalamu hawathubutu kujipima namna hiyo.

Sasa sikiliza yaliyonifika.

Jumamosi moja baada ya adhuhuri alinijia kijana, akaniamkia kwa adabu, amebeba sanduku jeusi gumu. Shingoni alivaa msalaba mdogo wa mbao. Alikuwa akitunza bustani ya Mzungu mmoja kule Usa River; Mzungu amemaliza mkataba amerudi kwao, na vitu asivyoweza kuvibeba amewagawia wafanyakazi. Mwenzake kapata baiskeli, yeye kapata sanduku. Nilimwomba ushahidi, maana kibanda kama changu hakikosi kuletewa vya wizi, akanitolea karatasi aliyoandikiwa na yule Mzungu yenye sahihi na namba ya simu. Nilipiga, nikajibiwa kuwa ni kweli.

Akafungua. Ndugu msomaji, moyo ulinidunda. Zilikuwa Audeze LCD-2, pete zake za mbao zinang'aa, uzito wake karibu nusu kilo. Zilipokuwa mpya ziliuzwa karibu dola elfu moja, na hata zikiwa zimetumika zina watu wa kuzinunua kwa zaidi ya nusu ya hiyo.

"Mzee, mimi hazinifai," akasema. "Waya wake ni mnene hauingii kwenye simu. Fundi mmoja kanipa cha kuunganishia, zikalia kidogo sana. Nipe laki moja."

Nilijua kwa nini zililia kidogo. Hedifoni za namna ile zataka mashine yenye nguvu, simu haiziwezi. Sikumwambia. Niliikunja sura, nikazichomeka katika amplifaya langu la zamani lenye lile tundu pana, nikaweka kisomo cha al-Husary. Rekodi ile ya zamani ni ya njia moja, haina kulia wala kushoto, kwa hiyo katika hedifoni nzima sauti yapasa kusimama katikati ya kichwa. Mimi niliisikia imeegemea kulia.

"Upande wa kushoto umechoka, mwanangu," nikamwambia. "Nitakupa elfu sitini."

Akazivaa mwenyewe, akasikiliza kwa makini. "Mbona mimi nasikia sawasawa?"

Nikamjibu, na maneno haya nayaandika kama nilivyoyasema: "Sikio lisilozoea halijui."

Akachukua elfu sitini akaenda zake.

Usiku ule nyumbani nilizivaa nikasahau chakula. Tena ni za wazi upande wa nje, hazizibi, kwa hiyo adhana na mtoto anayelia unavisikia; kwa nyumba zetu hilo ni bora kuliko zile zinazokufungia duniani mwako. Lakini ule upande wa kushoto ulinikera, nikataka kuutibu. Hatua ya kwanza ya fundi ni kujua ugonjwa uko wapi. Waya wa hedifoni hizi huchomolewa kila upande, basi nikabadilisha: wa kulia kushoto, wa kushoto kulia. Sauti ikabaki imeegemea kulia, nikajua waya ni mzima. Kisha nikazigeuza zenyewe kichwani, kikombe cha kushoto nikakivaa sikio la kulia. Ikiwa kikombe ndicho kibovu, udhaifu utahama pamoja nacho.

Haukuhama. Sauti ilikaa kulia vile vile.

Nikamwita mama watoto, nikamvalisha. Akasema anamsikia sheikh katikati ya kipaji cha uso. Nikazigeuza bila ya kumwambia. Akasema ni pale pale. Mwanangu mkubwa naye akasema hivyo hivyo. Hedifoni hazikuwa na aibu yoyote. Sikio langu la kushoto ndilo lililochoka, na kijana wa watu alisema kweli, nami nikamkatia arubaini elfu kwa ugonjwa wangu mwenyewe.

Nafsi, ndugu yangu, ni wakili hodari. Iliniambia: hukusema uongo, ulisema ulilolisikia. Bei aliitaja yeye. Mmeridhiana. Nikakumbuka kisa cha Sayyidna Jarir bin Abdillah, Mungu amridhie, aliyenunuliwa farasi kwa dirhamu mia tatu, akamwambia mwenye farasi kwamba farasi wake ana thamani zaidi, akawa anapandisha mwenyewe mpaka akamlipa mia nane, kwa sababu alimpa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Nafsi ikaliokota neno hilo hilo: kila Mwislamu. Na huyu je, hukuuona msalaba? Naona haya kukuandikia, lakini ndivyo ilivyosema, nami kwa siku tatu niliisikiliza, na kwa hedifoni zile zile nikaendelea kusikiliza Kitabu cha Mwenyezi Mungu.

Siku ya nne nilimfuata mzee wetu mmoja anayesomesha baina ya magharibi na isha. Nilimweleza yote, hata lile la msalaba. Alinijibu kwanza kifikihi: katika madhehebu yetu ya Shafii kupunjika peke yake, bila ya hila, hakuvunji biashara. Nikaanza kupumua. Akaniuliza, "Alikuja kwako kabla ya kufika sokoni au baada?"

"Sheikh, kibanda changu kiko sokoni."

"Nakuuliza soko la kitu kile. Liko wapi?"

Nikasema liko Marekani, Ulaya, na kwa watu wachache Nairobi.

Akanikumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza watu kwenda kuipokea misafara njiani na kununua bidhaa zao kabla wenyewe hawajafika wakazijua bei, na kwamba mwenye mali akifika sokoni ana hiari ya kuirudisha mali yake. "Kijana wako," akasema, "bado yuko njiani. Wewe ndiye uliyekwenda kumpokea, ijapokuwa hukuondoka kitini." Kuhusu msalaba hakunipa darasa refu. Aliniuliza tu, usiku wa Hijra Sayyidna Ali aliachwa nyuma Makka arudishe amana za nani? Nikanyamaza, kwani kila mtoto wa chuoni anajua zilikuwa za watu wa Makka ambao hawakuwa wamesilimu. "Na lile la sikio," akaongeza, "ulipojua kuwa aibu haipo, ulikaa siku ngapi?"

Ijumaa baada ya sala nilipanda daladala mpaka Usa River. Kijana hakuwako tena. Walinielekeza kwao, juu ya Nkoaranga. Nikachukua bodaboda, tukapanda baina ya migomba na kahawa, sanduku nimelikumbatia. Nilimkuta na mama yake wanakata majani ya ng'ombe. Aliponiona na sanduku alisimama wima, panga mkononi, akasema, "Mzee, vile vitu si vya wizi. Nilikuonyesha karatasi."

Ilinichukua muda kumtuliza, na muda zaidi kumweleza. Ukitaka kuona dhuluma yako ilivyo, jaribu kumfahamisha mwenyewe uliyemdhulumu; kila sentensi hukataa kutoka. Nilimwambia bei yake ya kweli, nikamwambia kwa nini simu yake haikuziweza, nikamwambia habari ya sikio langu. Hakuamini. Alidhani hedifoni zimeniharibikia, ninazirudisha nidai fedha zangu, na zile elfu sitini walikwisha kununulia mabati. Mama yake, ambaye alikuwa kimya muda wote, akaniuliza, "Wewe unataka nini hasa, baba?"

Nikasema nataka nimuuzie mwanawe, kwa bei ya sokoni, na elfu sitini yangu nitaikata humo zikiuzwa. Uwezo wa kuzinunua kwa haki sina, na nilikuwa nimekwisha kujihesabia mara kumi njiani. Mama akakubali, kijana akanyanyua mabega.

Zilikaa kwangu wiki tano, na sikuzivaa tena ila mara moja kuhakikisha hazijapata unyevu. Mnunuzi alitoka Nairobi kwa njia ya Namanga, kijana wa studio, akazipima saa nzima kwa mashine yake aliyokuja nayo, akapitisha sauti kutoka nzito kabisa hadi nyembamba kabisa. Nilimwonyesha mto wa sikio uliopasuka mshono na alama ya kukwaruzika kwenye mbao. Akapunguza kidogo kwa hayo, akalipa shilingi 1,200,000. Daktari wa masikio niliyemwendea baadaye aliniambia kuwa sikio langu la kushoto limepungua katika sauti nyembamba na halitarudi, akanishauri nipunguze sauti ya spika ninazozijaribu kibandani kutwa nzima, ambazo kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikiziweka upande wangu wa kushoto.

Kijana alikuja kuchukua fedha zake siku ya Jumatatu. Nilimhesabia 1,140,000. Akazihesabu mwenyewe, kisha akazihesabu tena, akatoa laki moja akaniwekea juu ya meza kuwa ujira wangu. Nikamshukuru. Akawa amesimama mlangoni.

"Mzee, siku ile ya kwanza, pale ulipokunja uso, ulijua?"

Nikamwambia, "La sikio sikujua. La bei nilijua."

Akatikisa kichwa polepole, akafunga zipu ya koti lake, akaelekea stendi. Kwaheri hakusema, nami sikumwita.