Odoevsky na Kinanda cha Noti 19

Vladimir Odoevsky, aliyefariki mjini Moscow mwaka 1869, alikuwa mwinyi kwa nasaba na msanii kwa hiari. Ukoo wake ulijinasibisha na Rurik, mwasisi wa dola ya kale ya Warusi. Cheo alikirithi, kalamu na kinanda alivichagua mwenyewe.

Ujanani aliongoza jumuiya ndogo ya wapenda hekima, waliokutana kwa siri kuijadili falsafa ya Kijerumani. Maasi ya Desemba 1825 yalipozimwa, katiba ya jumuiya hiyo na kumbukumbu za mikutano yake zilitiwa motoni. Binamu yake Aleksandr, mshairi, alihukumiwa kazi ngumu huko Siberia. Vladimir alisalimika, akaendelea kuitumikia serikali ile ile. Wa kumlaumu hawakosekani, ila yafaa pia kutazama alivyoutumia uhuru mdogo uliomsalia.

Kitabu chake, Russkie nochi cha mwaka 1844, ni mazungumzo ya marafiki wachache nyakati za usiku. Humo mna hadithi ya Beethoven akiwa kiziwi, na nyingine ya Bach. Katika zote mbili, mwanamuziki ndiye abebaye lile ambalo maneno hulemewa nalo.

Hata hivyo, lililo adhimu zaidi ni kile kinanda. Odoevsky alizisikiliza nyimbo za wakulima, watu ambao wengi wao hadi mwaka 1861 walikuwa mithili ya mali ya tabaka lake, akabaini kwamba sauti zao hazikuenea katika piano. Piano ya kawaida huigawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Sauti ipitayo baina ya hatua mbili hukosa makao. Ilikuwa rahisi kudai kwamba mkulima ndiye aliyekosea. Mwinyi huyu alishikilia kuwa kasoro ilikuwa ya piano, na mwaka 1864 akatengenezewa nyingine yenye vibonyezo 19 kwa kila oktava. Wanafunzi wa fasihi simulizi, wanaohangaika kuzibana nyimbo katika maandishi, hawatauona uamuzi huo kuwa kichaa.

Kinanda hicho hakikuenea. Chuo cha muziki cha Moscow, alichoshiriki katika juhudi za kukiasisi mwaka 1866, kiliendelea kufunza kwa piano za hatua 12, na ndicho kilichopokea maktaba yake ya muziki alipofariki.