Kadi Iliyoandikwa Saa 2

Kadi yangu ya kliniki iliandikwa saa 2:00 asubuhi. Ya mama aliyekaa kulia kwangu, saa 2:00. Ya mzee wa kushoto, saa 2:00. Jumanne ile ya mwaka 2019 tulikuwa watu wapatao 60 kwenye mabenchi ya kliniki ya kisukari, sote na miadi ya saa ile ile, kwa daktari yule yule mmoja.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Mlandizi. Ili niwahi foleni Dar es Salaam niliondoka nyumbani saa 10 alfajiri, daladala hadi Mbezi Mwisho, kisha nyingine. Sikuwa nimetia kitu mdomoni tangu saa 3 usiku, maana kipimo cha sukari ya asubuhi kinataka ukae bila kula saa nane au zaidi. Saa 1:30 nikapimwa: 9.4.

Asiyeugua ugonjwa huu huenda asiielewe hesabu niliyoipiga pale. Insulini yangu, ile ya mchanganyiko, hudungwa kama nusu saa kabla ya chakula. Ukichelewa kula, dawa haikungoji. Inazidi kuishusha sukari mpaka ubongo wenyewe ukose chakula. Nikajiambia: daktari anaanza saa 2, mimi namba 7, saa 2:30 nitakuwa kwa mama lishe pale getini. Nikaingia chooni nikajidunga.

Saa 3 ikapita. Saa 4 ikapita. Niliuliza dirishani nikajibiwa, "Subiri, anakuja."

Kwa nini sikwenda kula? Mume wangu ameniuliza, dada zangu wameniuliza. Kwa sababu ukiitwa ukawa haupo, faili lako linawekwa chini ya mengine yote. Kliniki ya nyuma yake nilitoka kununua maji tu, nikaja kuonwa saa 10 jioni. Mgonjwa aliyeizoea foleni huogopa kuinuka kuliko anavyoiogopa njaa.

Saa 4:30 mikono ikaanza kutetemeka. Jasho la baridi likanitoka, blauzi ikalowa mgongoni. Maandishi ya bango la ukutani yakawa yanacheza. Nilitaka kumwambia mama wa kulia kwamba sukari inashuka, neno likakataa kutoka. Aliyegutuka ni yule mzee. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, hatukuongea zaidi. Sasa akanitazama usoni, akaniuliza, "Binti yangu, umejichoma?" Nikaitikia kwa kichwa. Akatoa mfukoni pakiti ya glukosi ya unga, akaimimina kwenye chupa yake ya maji, akaitikisa. "Kunywa. Usiongee, kunywa tu."

Watu wakamwita nesi. Mashine ilisoma 2.6. Kwetu wenye kudunga insulini, ikiwa chini ya 4 tu ni ya kuwahiwa. Baada ya robo saa wakanipima tena, 4.8, na mama wa kulia alikuwa ameshaniletea chapati na chai ya rangi, akakataa pesa yangu.

Daktari alifika saa 7:00. Nilikuwa nimemwekea maneno makali, lakini alipoketi niliona macho yake yamekuwa mekundu. Tangu alfajiri alikuwa wodini na kijana aliyeletwa hajitambui, sukari imepanda kupita kiasi. Ningekuwa mama wa kijana yule, ningemshika koti asitoke. Kilichoniuma nilikisikia baadaye: saa 3 alipiga simu kliniki kusema atachelewa mno. Ujumbe ulifika dirishani, ukaishia hapo hapo. Mtu mmoja angesimama mbele yetu akasema, "Daktari hatakuja kabla ya saa 7, nendeni mkale," nami nisingefika kwenye 2.6.

Nilikaa naye dakika tatu. Hakunidharau, hata ukipiga hesabu, kuanzia saa 7:00 hadi 10:30 ni dakika 210, na sisi tulikuwa 60. Aliangalia daftari, akaongeza dozi ya jioni, akaniandikia dawa. Swali nililolibeba kutoka Mlandizi, la ganzi inayoniingia miguuni usiku, nilitoka nalo vile vile. Nililikumbuka nikiwa ndani ya daladala, nikalia.

Mwezi uliofuata mimi na mzee wangu tulikwenda kwa nesi mkuu wa kliniki. Hatukwenda kugombana. Tulimwomba mambo mawili tu: tuambiwe daktari anapochelewa, na kadi zisiandikwe saa ile ile kwa watu wote. Alitusikiliza, akaandika. Ilichukua miezi, na kuna siku mambo yanarudi vile vile, lakini siku hizi wengine huandikiwa saa 2, wengine saa 4, wengine saa 6. Na daktari akikwama wodini, nesi husimama katikati ya mabenchi akasema kwa sauti: "Waliojichoma sindano nendeni mkale, faili zenu hazitashuka." Mara ya kwanza kulisikia tangazo lile nilimtafuta mzee kwa macho. Alikuwa ameshainuka, anaelekea getini.

Mwezi wa pili 2020 kadi yangu iliandikwa saa 4:00. Niliondoka nyumbani jua limechomoza, nikaingia kwa daktari saa 4:40. Maswali nilikuwa nimeyaandika nyuma ya daftari, la kwanza likiwa lile la ganzi. Akaniambia nivue viatu. Akachukua kijiuzi kigumu cha plastiki, akawa ananigusa nyayo mahali mbalimbali, mimi nimefumba macho, niseme nikihisi. Mguu wa kushoto nilinyamaza mara nne. Kisha akauinua, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha, akaniuliza kidonda kilichokuwa chini ya kidole gumba nimekipata lini. Sikujua kama nina kidonda.

Kilisafishwa siku ile ile. Kilifunga baada ya wiki sita.