Mihintale: Hospitali ya kale chini ya ngazi 1,840

Mzazi anayesafiri na watoto bila wakala wa utalii huwa na kazi mbili kwa wakati mmoja. Yeye ndiye anayeongoza safari, na yeye ndiye anayeangalia nani ana kiu, nani amechoka na nani ameanza kuchemka mwili. Kama kuna mahali pa kale panapofundisha kazi hiyo ya pili, ni Mihintale, mlima wa mahekalu ya Kibudha huko Sri Lanka.

Kufika si kazi ngumu. Treni za kutoka stesheni ya Colombo Fort kuelekea kaskazini hupita Anuradhapura, mji uliokuwa makao ya wafalme kwa zaidi ya miaka 1,000, ambao uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Kutoka hapo hadi Mihintale ni kama kilomita 12 kwa basi au bajaji. Ukichukua bajaji, patana bei ya kwenda na kurudi kabla hamjapanda.

Watalii wengi wakishuka hukimbilia ngazi. Ningekushauri uanze na magofu yaliyo chini, karibu na barabara. Hii ilikuwa hospitali ya watawa, inayohusishwa na Mfalme Sena wa Pili aliyetawala karne ya tisa. Misingi ya vyumba vidogo vidogo bado inaonekana ikizunguka ua, na katikati palikuwa na mahali pa ibada. Kitu kinachowashika watoto zaidi ni jiwe kubwa lililochongwa shimo lenye umbo la mwili wa binadamu: kichwa, mabega, miguu. Kwa Kisinhala jina lake lina maana ya mtumbwi wa dawa. Inaaminika mgonjwa alilazwa humo akiwa amelowekwa katika mafuta na dawa za miti. Mimi naandika habari za afya kila wiki, na jiwe hilo lilinifikirisha kuliko sanamu zote za mlimani.

Sasa ngazi. Ziko 1,840 za mawe, pana na zenye kivuli cha miti sehemu kubwa. Mwenye mtoto wa kubeba au mzazi mwenye magoti mabovu anaweza kupanda kwa gari hadi katikati na kuanzia hapo. Njiani kuna jengo la chakula la watawa, likiwa na mahodhi marefu ya mawe yaliyowekwa wali na mboga za mamia ya watu. Karibu yake zimesimama mbao mbili za mawe zilizoandikwa enzi za Mfalme Mahinda wa Nne, katika karne ya 10. Zinaeleza kanuni za makazi yale na malipo ya watumishi wake. Kumbe hata mahali pa sala palikuwa na bajeti ya chakula na mishahara.

Watoto wakianza kulalamika miguu, wape hadithi ya mlima wenyewe. Wabudha wa Sri Lanka wanasimulia kuwa katika karne ya tatu kabla ya Kristo, mfalme wao Tissa alikuja kuwinda hapa akakutana na Mahinda, mwana wa Mfalme Ashoka wa India. Kabla ya kumfundisha dini, Mahinda alimpima akili kwa kumuuliza kuhusu mwembe uliokuwa mbele yao. Mfalme alikubali kwamba ipo miembe mingine, na ipo pia miti isiyo miembe. Je, ukiiondoa yote hiyo, unabaki mti gani? Waache watoto wafikiri ngazi 20 hivi kabla hujawapa jibu: unabaki mwembe ule ule.

Juu kabisa ni mahali pa ibada hadi leo. Viatu na kofia huvuliwa, mabega na magoti hufunikwa, na si adabu kupiga picha ukiwa umeipa mgongo sanamu ya Budha. Jua la huko ni kali, na mawe ya saa sita mchana huunguza nyayo za mtoto. Panda mapema asubuhi, chukua soksi nyepesi, maji ya kutosha na paketi za ORS. Usiwape nyani chakula. Nyani au mbwa akimng'ata au kumparua mtoto, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi tunaotoka Afrika Mashariki. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Sri Lanka kuwa nchi isiyo na malaria. Kwa hiyo mtoto akipata homa siku za mwanzo, huenda alibeba vimelea kutoka nyumbani, na daktari wa huko anaweza asiifikirie malaria haraka. Mwambie mapema mmetoka wapi na uombe kipimo. Dengue nayo ipo, na mbu wake huuma mchana, hivyo dawa ya kupaka ya kufukuza mbu ni ya mchana pia. Wakati mnasubiri majibu, mpe paracetamol kwa kipimo cha uzito wake. Usimpe aspirini wala ibuprofen, kwa sababu kama ni dengue huongeza hatari ya kutokwa damu.

Kabla ya kulipia tiketi, ulizia kama mtahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huchomwa siku 10 kabla ya safari, si asubuhi ya kwenda uwanja wa ndege.