Monita Iliyokufa na Mkono Uliobaki Mfukoni

Nimekuwa kimya kwa muda, na safari hii sitasingizia kazi. Nilikuwa natengeneza kitu ambacho hakina hata mstari mmoja wa programu ndani yake, halafu likatokea jambo ambalo nilitaka moyo utulie kwanza kabla sijalisimulia. Sasa umetulia. Ketini.

Mnaojua kazi yangu mnajua kwamba siku nzima mimi hukosea. Naandika, naendesha, inakataa, narekebisha, naendesha tena. Nikiharibu kabisa narudisha toleo la jana na hakuna aliyeumia isipokuwa pengine meneja. Baada ya miaka mingi ya maisha hayo mtu huanza kuamini kwamba kila kitu duniani kinajaribiwa hivyo hivyo.

Mpwa wangu alikuja kukaa nami likizo ya Agosti. Yuko kidato cha tatu. Dada yangu alimwacha mlangoni na maagizo mawili tu: asome, na asikeshe na simu. Kijana akafungua begi, akatoa daftari, akaniambia klabu yao ya sayansi inataka mradi, naye anataka kusafisha moshi kwa kutumia umeme. Wazo hilo si jipya. Mmarekani Frederick Cottrell alipewa hataza yake mwaka 1908, na viwanda vya saruji na vya umeme wa makaa ya mawe bado vinatumia mitambo ya aina hiyo kwenye mabomba yao ya moshi. Unapitisha moshi ndani ya bomba la chuma ambalo katikati yake kuna waya mwembamba wenye volti elfu kadhaa. Hewa iliyo karibu na waya inapata chaji, chaji inapanda juu ya chembe za moshi, chembe zinavutwa hadi ukutani mwa bomba na kunata huko. Inayotoka juu ni hewa. Kijana alivutiwa kwa sababu nyumbani kwao bado wanapikia kuni, na nyanya yake anakohoa.

"Mjomba, hizo volti elfu kadhaa tutazitoa wapi?"

Jibu lilikuwa juu ya kabati, limefunikwa na gazeti: monita ya zamani ya kompyuta, ile nene yenye kisogo. Ndani ya monita na televisheni za kisogo mna transfoma ndogo nyeusi ambayo mafundi huiita flaibaki. Katika monita ya rangi kazi yake ni kutoa volti 25,000 hivi, za kuvuta elektroni kutoka shingoni mwa kioo hadi mbele unapotazama. Tangu skrini bapa ziingie, na hasa tangu Kenya ilipozima matangazo ya analogia mwaka 2015, mitambo hii imejaa stoo za watu bila kazi. Mtu akikupa moja atakushukuru umembebea.

Tulishuka Luthuli kununua transista. Pale ghorofani kuna mzee mmoja ambaye amekuwa akitengeneza televisheni tangu kabla sijazaliwa, nami humwendea kila ninapohitaji kitu kisichouzwa dukani. Nikamweleza. Hakucheka wala hakutukataza. Alisema mambo mawili huku akitafuta ndani ya kopo la majani ya chai: mkono mmoja ukae mfukoni kila mnapogusa kitu ndani ya monita, na stima iliyobaki muiue kwanza. Akatupa transista aina ya 2N3055, ile kubwa ya chuma, aliyoing'oa kwenye amplifaya. Hakutaka pesa, alitaka tu tumwambie kama itafanya kazi.

Hilo la mkono mfukoni nilimweleza kijana kwenye matatu. Umeme ukiingia mkono wa kulia na kutokea wa kushoto, njia yake inapita kifuani, na kifuani ndiko moyo uliko. Mkono mmoja ukiwa mfukoni njia hiyo haipo. La pili, kuiua stima iliyobaki, nilidhani nimelielewa.

Kesho yake asubuhi tuliichomeka monita ukutani kuona kama ni nzima. Haikuwaka. Hakuna taa, hakuna ule mlio mwembamba, hakuna chochote. "Imekufa," nikasema, tukaichomoa, tukanywa chai, tukaanza kufungua skurubu.

Nilikuwa nimesoma kuhusu kioo. Kioo cha monita kimepakwa tabaka la kaboni ndani na nje, na glasi iko katikati, kwa hiyo chenyewe ni kapasita na kinaweza kushika chaji kwa siku kadhaa. Nikafanya kama inavyotakiwa: bisibisi yenye mpini mrefu wa plastiki, waya umefungwa kwenye chuma chake na upande wa pili kwenye mkanda wa ardhi unaozunguka kioo, mkono wa kushoto mfukoni. Nikaingiza ncha polepole chini ya kile kikombe cha mpira kilicho mgongoni mwa kioo. Nilisubiri cheche. Haikuja. Nikarudia mara tatu, kimya.

Nikafurahi. Nikamwambia kijana, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba sasa hakuna umeme humu.

Tukatoa bodi. Kijana alikuwa amenyoosha mikono yote miwili kuipokea, mmoja kila upande, kama unavyopokea sinia. "Nishike, mjomba?" Sijui kwa nini nilisema hapana. Nadhani niliogopa ataiangusha na kuvunja flaibaki. Nikaivuta kwa mkono wangu wa kulia, kidole gumba juu, vidole vingine chini ambako miguu ya vifaa imelehemiwa.

Sikusikia sauti. Niliona tu kwamba bodi iko sakafuni, na kiwiko changu kimegonga kabati nyuma yangu, na mkono wote hadi begani si wangu. Kijana alianza kucheka, akaniangalia usoni, akaacha. Kwenye kidole cha kati na cha shahada palikuwa na vidoa viwili vyeupe kama vya sindano ya moto. Nilikaa kitandani karibu nusu saa nikisikiliza moyo wangu, na sehemu kubwa ya muda huo sikuwa nafikiria mkono wangu hata kidogo. Nilikuwa naona ile mikono miwili iliyonyooshwa.

Baadaye ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningeifanya kabla. Stima ya ukutani kwetu ni volti 240, lakini kilele cha wimbi ni kama 340, na ndicho kinachojaza kapasita kubwa iliyo mlangoni mwa sehemu ya pawa. Ile yetu ilikuwa ya mikrofaradi 220. Nusu ya kapasitansi, mara volti, mara volti tena: karibu jouli 13. Hiyo ni nguvu ya kuinua pakiti ya unga ya kilo mbili kutoka sakafuni hadi karibu na kimo cha meza, ila inatoka yote kwa kufumba na kufumbua. Kioo je? Volti 25,000, lakini kapasitansi yake ni nanofaradi mbili hivi tu. Hesabu hiyo hiyo inatoa jouli 0.6. Mimi nilikuwa nimeelekeza hofu yangu yote kwenye ile namba yenye sifuri nyingi, na hatari iliyo mara ishirini yake ilikuwa imekaa chini yake, kapasita mviringo ya plastiki nyeusi, bei ya soda.

Kuna jambo jingine ambalo bado linanikera. Monita nzima ukiichomoa, mizunguko yake hutumia chaji ile na kuimaliza upesi. Yetu haikuwaka kwa sababu sehemu yake ya pawa ilikuwa imeharibika, na sehemu ya pawa isiyofanya kazi haili kitu. Kapasita ilijazwa asubuhi tulipojaribu, ikabaki imejaa wakati tunakunywa chai. Na kwa kuwa haikuwaka, kioo hakikuwahi kupata chaji yoyote, ndiyo maana cheche haikutokea. Yaani kimya kile nilichokichukua kama ushahidi kwamba monita ni salama kilitokana na hitilafu ile ile iliyoifanya iwe hatari. Nimewahi kuona programu ikipita majaribio yote kwa sababu majaribio yalikuwa yanakagua faili nyingine. Nilidhani nimejifunza somo hilo zamani.

Nilirudi kwa mzee na kidole changu. Alikitazama, akauliza mtoto yuko salama, kisha akanionyesha kifaa chake cha "kuua": balbu ya zamani ya nyuzi, ya wati 60 na volti 240, ndani ya holda, na nyaya mbili zenye ncha ndefu zilizovikwa plastiki. Unagusisha miguu miwili ya kapasita kubwa, balbu inamulika mara moja na kuzima, halafu unapima kwa mita na hushiki bodi mpaka mita isome volti chache tu. Kugonganisha miguu kwa bisibisi, kama wengi wanavyofanya, kunafanya kazi pia, ila kunakula ncha ya bisibisi na kunaweza kuharibu kapasita. Akanipa holda moja ya zamani. Balbu nilinunua.

Ujenzi wenyewe baada ya hapo ulikuwa rahisi kiasi cha kuaibisha. Flaibaki ina kiini cha feraiti, na upande mmoja wa kiini uko wazi. Tulizungusha pale waya mizunguko minane ya kubeba mkondo, na minne ya kuiambia transista lini ifungue na lini ifunge. Rezista mbili, transista juu ya bati la kupozea, basi. Pawa ni betri ya volti 12 kutoka UPS iliyotupwa ofisini. Sikutaka kitu chochote kilichounganishwa na ukuta karibu na mtoto huyu tena. Betri ya UPS nayo si ya kudharau, ikipata shoti inayeyusha waya, kwa hiyo tukaweka fyuzi ya ampea 5. Mara ya kwanza haikufanya kitu. Tuligeuza ncha mbili za ile mizunguko minne, na hapo mlio mwembamba ukaja, ule wa televisheni za utotoni mwangu.

Waya wa volti ya juu tulikuwa tumeufunga kwenye bomba la maji la plastiki, nusu mita kutoka mkononi. Tukausogeza karibu na miguu ya flaibaki mmoja baada ya mwingine hadi tukapata unaovuta cheche kubwa kuliko yote, huo ndio mguu wake wa kurudisha. Milimita kumi na mbili, zambarau, na harufu kali ya ozoni iliyotufanya tufungue madirisha. Kijana alitaka kujua ni volti ngapi. Watu husema volti 3,000 kwa kila milimita ya hewa kavu, lakini hiyo ni kati ya mabamba bapa. Kwenye ncha kali hewa hukubali kushindwa mapema zaidi, kwa hiyo kuzidisha tu ni kujidanganya. Aliandika daftarini "zaidi ya 10,000" na nadhani hajakosea.

Bomba la moshi lilikuwa chupa ya plastiki isiyo na kitako, ndani tumeweka wavu wa dirisha wa chuma uliounganishwa na upande wa kurudisha, na katikati uzi mmoja wa shaba. Chini tukaweka udi unaofuka. Chupa ikajaa moshi kama asubuhi ya Limuru. Tukawasha. Moshi ulitetemeka mara moja na ukaisha. Sikuona ukipanda wala ukishuka. Tulizima, ukarudi, tukawasha, ukaisha. Tulifanya hivyo hadi udi ukakwisha, watu wazima wawili, maana kwa dakika hizo hakuna aliyekuwa mtoto.

Lililobaki lilikuwa sanduku. Jirani alinipa mikrowevu mbovu, na kijana, akiwa ameshaonja, akaomba tutumie transfoma yake. Hapo nilikataa bila mjadala. Flaibaki yetu inatoa miliampea chache. Transfoma ya mikrowevu hutoa volti 2,000 hivi na mkondo unaoweza kuua mtu kabla hajaachia, na kule Marekani watu wamekufa wakiitumia kuchora michoro kwenye mbao. Tuliua kapasita yake kwa balbu, tukapima, tukachukua swichi ndogo za mlangoni peke yake. Sasa sanduku likifunguliwa betri inakatika. Transfoma nilimpelekea mzee, akaipima mkononi kama nyama, akasema shaba yake si haba.

Dada yangu nilimweleza kila kitu alipokuja kumchukua mtoto. Hakusema neno hadi alipomaliza chai. Kisha aliomba kuona ile balbu, na nikamwonyesha inavyotumika.

Shule ilipofunguliwa nilialikwa siku ya maonyesho ya klabu. Kijana alisimama mbele ya sanduku lake akieleza, mkono wa kulia kwenye swichi, wa kushoto mfukoni. Mwalimu mmoja akamkatiza na kumwambia atoe mkono mfukoni anapozungumza na wakubwa. Mpwa wangu akazima swichi. Akafungua sanduku, akachukua kijiti cha plastiki chenye waya wa ardhi, akaugusisha kwenye uzi wa shaba, akahesabu hadi tano. Ndipo akautoa mkono.